Pilipili Zilizokulia Moshini

Kiriba,
mchana wa kuamkia safari yako

Nyangeta binti yangu,

Umekwenda Bukima kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla jua halijashuka, maana shangazi yako hamwachii mtu aondoke bila kula na kusikiliza habari za magoti yake. Kwa hiyo nina mchana huu wote. Naandika mchana kwa sababu mimi na koroboi hatupatani tena, macho yananitiririka machozi hata pasipo msiba. Nimekaa mlangoni, daftari nimeliweka juu ya kinu nilichokipindua, na kifua kinaniachia mistari michache kabla hakijanikatiza.

Kuhusu nguo, chakula na namna ya kuishi na watu sitasema kitu. Wiki nzima watu wamepita hapa kukupa wosia. Mama Masatu jirani yetu amekufundisha hata kulala na viatu chini ya kichwa visiibiwe, yeye ambaye hajawahi kulala nje ya Kiriba. Inatosha. Aliyelelewa na kijiji kizima hahitaji kuambiwa mara mbili namna ya kuosha sufuria.

Mimi nataka kukujibu. Jana jioni ulikuwa unachambua mboga, umenipa mgongo, ukasema, "Mama, ukisema nibaki, nabaki. Kazi zipo tu." Nikamgeuza samaki ambaye nilikuwa nimeshamgeuza. Hukuuliza tena, labda ulidhani sikusikia. Nilisikia, Nyangeta, na neno lililonijia mdomoni lilikuwa "baki". Lilikuja haraka kuliko kikohozi. Nikalimeza. Jibu langu la kweli ni refu, na najijua, nikianza kulisema mbele ya uso wako litaharibika njiani. Ndani yake mna pilipili, na mna kaka yako. Vyote viwili unavijua kwa vipande tu, maana ulikuwa mdogo na mimi sikuwa msemaji.

Kabla serikali haijatuhamishia vijijini, tulikaa kule chini ziwani, kila mji peke yake na shamba lake. Baba yako alivua, mimi nilibanika. Chanja yangu ilikuwa nyuma ya jiko, na moto wake ulifuka tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi, furu na sato wamepangwa juu yake. Upande ule ambako upepo wa ziwani ulisukumia moshi niliotesha pilipili. Sikuwa na akili yoyote kubwa. Maji ya kuoshea samaki yalimwagikia pale, basi nikaona yasipotee.

Nyakati hizo pilipili za watu zilikuwa zinaugua kila kiangazi. Majani ya juu yaliingia njano, kisha yakajikunja kwa ndani, mpaka mche mzima ukawa umefumba kama mkono wa mtu mwenye hasira. Tuliuita ugonjwa huo ngumi. Mche wenye ngumi haurefuki tena, unadondosha maua, na ukizaa unazaa vitu visivyojaza kiganja. Zangu hazikuugua hata siku moja. Zilikuwa za kijani kilichokolea, majani mapana, pilipili ndefu zinazong'aa. Mfanyabiashara wa Musoma aliyekuwa ananunua samaki wangu, Mwislamu mmoja mpole, alikuwa akisimama kuziangalia kabla hata hajauliza habari za samaki. "Mama Magesa, wewe una mkono," aliniambia. Nikaamini nina mkono. Binadamu akisifiwa kwa jambo asilolielewa huliamini upesi sana.

Kaka yako Magesa alilelewa palepale. Kabla yake nilizika watoto, unayajua makaburi yao, na kila mmoja nilimzika na jina lake na nguo zake ndogo. Yeye akaishi. Siku bendera yetu ilipopandishwa alikuwa mgongoni mwangu, watu wanaimba, mimi namshika kisogo nisikie kama kina joto. Nilimlaza karibu na chanja kwa sababu mbu hawapendi moshi, na ni kweli, homa zilimpita. Alipotambaa nilimwekea mpaka wa mawe. Baba yako alipokufa ziwani, nikaufanya mpaka ule kuwa mpana kidogo tu, ukaishia mlangoni.

Sasa nikuambie habari ya shamba la kijiji, maana wewe unakumbuka moto tu.

Tulipohamia hapa juu, paa za nyumba zetu za zamani zimeezuliwa, kila mtu akaja na alichoweza kubeba. Mimi nilikuja na chanja, na kibuyu cha mbegu za pilipili. Katika mkutano wa kijiji ikaamuliwa kwamba zaidi ya pamba tutakuwa na shamba la pamoja la pilipili, pale bondeni penye maji. Bwana shamba alikuwa kijana mgeni, mwenye baiskeli na suruali safi, na hakuwa mtu mbaya. Akasema kila mama alete mbegu zake na pilipili chache za mfano. Zikapangwa juu ya mkeka. Zangu ziling'aa kama zimepakwa mafuta.

Mama Masatu naye alileta zake kwenye kitambaa kilichochanika. Vipilipili vifupi, vimepinda, vina makovu. Unamjua Mama Masatu, hapalilii kitu. Pilipili zake zilijiotea zenyewe nyuma ya zizi, katikati ya magugu, na alizikumbuka siku za kupika mboga tu.

"Na zangu je?" akauliza. "Zangu zinaumwaga kweli, ila hazifagi."

Mimi ndiye niliyemjibu. Nilisema, "Mama Masatu, pilipili zako zinafanana na wewe ukiamka." Mkutano mzima ukacheka, na bwana shamba akacheka, na Mama Masatu mwenyewe akacheka kwa sababu afanye nini. Akafunga kitambaa chake. Mbegu zikachukuliwa kibuyuni mwangu, shamba zima, kuanzia mtoni mpaka njia ya Bukima.

Miche ilianza vizuri. Watu waliacha mashamba yao wakaenda kulima la kijiji kwa zamu, na walipopita mlangoni kwangu waliniamkia kwa jina la pilipili. Kisha kiangazi kikaja. Asubuhi moja nilishika jani la mche wa pembeni nikaligeuza, vikaruka vidudu vyeupe, vidogo mno, kama mtu amepuliza unga. Sikujua ni nini, kule kwangu sikuwahi kuviona. Baada ya muda mfupi njano ikaanza kwenye vichwa vya miche. Kisha majani yakafumba. Hayakufumba ya mche mmoja mmoja kama kwa jirani zangu wa zamani, yalifumba bonde zima, nami nilikuwa natembea kati ya mistari najiona kama mtu aliyeingia chumba ambamo wote wamekasirika.

Bwana shamba alikuja, akavua kofia. Akatuambia kwamba ugonjwa huo unaletwa na virusi, kitu kidogo kisichoonekana, na wanaoubeba ni wale inzi weupe, wakinyonya mche huu wanauhamishia ule. "Hauna dawa," alisema. "Mche ukishaugua, umeugua. Kinachowezekana ni kung'oa, na kutafuta mbegu ambayo hata ikiumwa inasimama." Tukang'oa. Tukachoma. Ndio moto unaoukumbuka, ulivyokohoza watu na kuwatoa machozi, maana moshi wa pilipili si moshi wa kukaa nao.

Hakuna aliyenilaumu mkutanoni, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama Masatu tu, tukiwa tumesimama kando ya moto, aliniambia bila chuki, kama anavyosema kila kitu, "Za kwako zilikuwa hazijapigwaga. Pale kwako inzi atakaaje, moshi wote ule?"

Nilimwelewa palepale. Miche yangu haikuwa na nguvu yoyote. Ilikuwa haijakutana na adui. Nilichagua mbegu kwa uzuri wa sura ya kitu kilichofichwa, nikakipeleka uwanjani nikakiacha peke yake. Nilielewa vizuri kabisa, nikarudi nyumbani, nikamkuta Magesa amekaa karibu na chanja ananisubiri nimtolee miba kwenye samaki. Alikuwa ameshaota ndevu kidogo. Nikakaa nikamtolea. Ya pilipili niliyaona, Nyangeta. Ya mwanangu sikuyaona, na ilikuwa siku hiyohiyo.

Watu walinionya kwa namna yao. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, waliniimbia kisimani. Mimi nikawa nacheka moyoni, nikisema wanaosema hivyo ni wale ambao watoto wao wote walipona. Sikumpeleka ziwani kwa sababu ya baba yako. Sikumpeleka machungani kwa sababu ya fisi. Akiumwa nilimtibu mwenyewe, majani haya na mizizi ile, namkanda usiku kucha. Na kuna jambo moja ambalo akina mama wote hapa wanalifanya, mpaka leo wanalifanya, nami nililifanya kuliko wote. Akilia au akikataa kula, nilimwambia, "Nyamaza, nitakupeleka zahanati ukachomwe sindano." Akanyamaza. Lilikuwa neno jepesi, linafanya kazi kila mara. Hata alipokuwa mkubwa, tukipita zahanati alibadilisha upande wa njia. Tulikuwa tunamcheka, mimi na wewe. Unakumbuka? Ulikuwa unamkimbiza na mwiba.

Msimu wa pamba, alipotaka kwenda kufanya kazi kwenye kinu cha pamba Bunda, nilikataa. Akaomba tena, nikalia. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji akaja kunisema, kwamba kijana huyu atakuwa mtu gani. Nikamwachia. Nilimfungia samaki na dawa zangu katika majani, nikamwambia, ukiumwa njoo nyumbani. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Sikumwambia kitu kingine.

Kule Bunda mbu walimpata, na damu yake haikuwa imewazoea. Wenzake wa kinuni walitueleza baadaye kwamba homa ilimshika siku ya kazi, wakamwonyesha zahanati, haikuwa mbali, unavuka barabara tu. Alivuka barabara. Akaipita. Akasimamisha lori lililokuwa linakuja huku, likamshusha njia panda ya mbali, ile ya barabara kuu, na kuanzia pale akatembea.

Kuna mama mmoja kule njiani, nyumba yake ina mikonge mbele. Huyo ndiye aliyemwona akiyumba, akamwita, akampa uji. Nilikwenda kwake baada ya mazishi kumshukuru, wewe ulibaki kwa shangazi. Aliniambia yote. "Tulimwambia, baba, hapa karibu kuna zahanati, tukupeleke kwa baiskeli. Akakataa kabisa. Akasema, nakwenda kwa mama, mama ana dawa." Walimlaza kwenye mkeka apumzike kidogo ndipo aendelee. Hakuendelea. Alikuwa ameshatembea njia yote ile na homa, na kwangu palikuwa pamebaki mwendo wa asubuhi moja.

Nimeandika hapo nikasimama. Nimekwenda kuangalia moto, nimerudi.

Sitaki unipe pole kwa hili. Umeshanipa pole miaka yote hii kwa kutotoka nyumbani, na ndiyo pole ninayotaka kukurudishia.

Baada ya msiba bwana shamba alikuja kunihani. Alipoondoka akasema, kama mtu anayejisemea, "Nami nilichagua kwa macho, mama." Siku nyingine akarudi, akatuita mimi na Mama Masatu, tukaenda nyuma ya zizi lake. Pale kwenye magugu, kiangazi kikali, miche ya jirani yote imefumba, vichaka vyake vilikuwa vimesimama. Havikuwa vizuri. Vilikuwa na njano hapa na pale, vimezaa vile vipilipili vya makovu. Lakini vilikuwa vimezaa. Kwa miaka ile yote hakuna aliyevitunza. Vilivyokuwa dhaifu vilikufa, vilivyobaki vikaangusha mbegu, ndio ukawa ukoo wake. Uvivu wa Mama Masatu ulikuwa umefanya kazi ambayo bidii yangu haikuiweza. Nilimwomba radhi kwa maneno ya mkutanoni. Akasema, "We, yale nilishayasahau, niletee furu."

Hapo ndipo wewe ulipoingia. Bwana shamba alitufundisha kuoanisha. Unakumbuka kuliko mimi: unachukua ua la pilipili ndefu kabla halijafunguka, unalifungua kwa mwiba, unatoa vijiti vya dume vyote, unaleta vumbi la ua la pilipili ya zizini unalipaka, kisha unafunga uzi ujue ni lipi. Uzi ulikuwa unauchomoa kwenye kanga yangu ya msiba. Mimi nilikuwa navunja maua, wewe hukuvunja. Tulitaka mtoto mwenye urefu wa mama na ugumu wa baba. Watoto wa kwanza wote waliugua. Wote, kama vile ugumu haukuwahi kuwepo. Nikasema basi, Mungu ameshanijibu, nikataka kuing'oa miche hiyo. Bwana shamba akasema tuvumilie, tuchukue mbegu kwa hao hao wagonjwa tupande tena, maana ugumu mwingine hujificha kwa watoto ukatokea kwa wajukuu.

Tukapanda wajukuu, mahali pa wazi, mbali na chanja, kama alivyoagiza. "Lazima inzi waingie," alisema. "Mche usioumwa hautatuambia kitu." Nikaitikia kwa kichwa. Na jioni, wewe umekwenda kisimani, nilichukua kigae nikakijaza kinyesi kikavu cha ng'ombe, nikakiwasha, nikakiweka upande wa upepo ili moshi upite juu ya miche. Sikuweza kuvumilia. Nilikuwa naona majani madogo yanaanza njano, naona uso wa mtu. Nilifanya hivyo jioni nyingi.

Wewe ndiye uliyekigundua. Ulikuja na ndoo kichwani, ukakiona kinafuka, ukakimwagia maji yote. Ukasema, "Mama, sasa hatutajua." Nikakupiga kofi. Hukulia. Ulirudi kisimani kuchota tena. Kofi lile sijawahi kuliongelea, na naliongelea leo kwa sababu wewe ulikuwa na haki na mimi nilikuwa na mkono. Msimu ule wote ulipotea, hatukuweza kutofautisha mche mgumu na mche uliofukizwa. Bwana shamba alipouliza imekuwaje miche mingi hivi imesimama, uliniachia niseme mwenyewe. Nikasema.

Mwaka uliofuata tulipanda tena na sikuwasha kitu. Nilikuwa nafunga mlango wa upande ule nisione. Karibu yote ilifumba. Ilibaki miche michache sana, na katika hiyo michache mingi ilikuwa mifupi kama ya zizini. Miwili tu ndiyo iliyokuwa na pilipili za urefu wa kuridhisha, tena za mmoja hazikuwa kali hata kidogo. Wewe ulifurahi mpaka ukamshika Mama Masatu kiuno mkacheza. Mimi nilitazama miche iliyofumba, mistari na mistari, nikafikiri kwamba hii ndiyo bei, kwamba ili ujue mmoja anayesimama unaacha wengi waanguke mbele ya macho yako. Mpaka leo sijaipenda kazi hiyo. Nakuambia ukweli, siipendi. Lakini wewe umeumbwa nayo, na bwana shamba aliliona hilo kabla yangu, ndiyo maana amekuombea nafasi kwenye mashamba ya majaribio huko Arusha.

Kijiji hakitaki tena habari za pilipili. Ile mbegu yetu ya miche miwili inabadilika kila tunapoipanda, haijatulia, na watu wamerudi kwenye pamba na mihogo yao. Inawezekana hutapata unachokitafuta hata huko. Inawezekana ukipate nami sipo. Sitakudanganya kuhusu kifua changu. Moshi uliozuia inzi na mbu ulikuwa unaingia mahali, na mahali penyewe ni hapa. Hilo nalo ndilo linalokufanya useme ubaki.

Basi sikiliza. Juzi nilipokuambia nakwenda kwa Mama Masatu kusuka mkeka, sikwenda. Nilikwenda zahanati. Katika umri wangu wote huu sikuwahi kuingia mlango ule, si kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mtu wangu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka usiwe na sababu ya kubaki, nilitaka niweze kusema mtu mwingine ananiangalia. Mganga akanisikiliza kifua, akaniambia niachane na chanja, maneno ambayo hata wewe umeniambia. Halafu akaleta sindano.

Nilifumba macho. Nikasubiri. Akaniambia tayari, mama, nikamwuliza tayari nini.

Inauma kidogo tu, Nyangeta. Kidogo sana. Mwiba wa samaki unauma kuliko ile. Nilitoka pale nimeshika mkono wangu, nikakaa chini ya ukuta wa zahanati nikalia mpaka watu wakadhani nimeambiwa nitakufa. Mganga alitoka kuniuliza kama pameuma sana. Nilishindwa kumwambia kwamba hapakuuma.

Hilo ndilo nililokuwa nalo na ndilo jibu langu. Usiniulize tena kama ubaki. Sikulelei tena kando ya chanja, ingawa mkono wangu unataka. Mama Masatu ameniahidi kunichotea maji, na kwa kuwa ni mvivu atamtuma Masatu, kwa hiyo yatafika. Ukiletewa habari kwamba naumwa, usipande gari. Uliza kwanza kama nimefika zahanati. Nitakuwa nimefika. Na wewe ukiumwa huko, wa kwanza kumwambia ni yule aliye karibu nawe siku hiyo, hata kama humjui jina. Mimi utaniambia baadaye, ukiwa umepona.

Naona wewe na shangazi yako mnakuja kule njiani, amekusindikiza hadi huku, magoti yote yale. Namaliza. Barua hii naiweka chini ya shuka kwenye kikapu chako, utaikuta huko mbele.

Hapa kijijini wataendelea kuniita Mama Magesa, na nitaitika. Lakini kesho gari likisimama hapa njia panda ya kijiji, najijua, nitakushika mkono, na mdomo utasema baki mbele ya watu wote. Wewe barua utakuwa hujaisoma bado. Kwa hiyo usiku huu nitamwambia shangazi yako, maana lazima alale hapa: nikikushika, aniachanishe vidole, akupandishe garini, asinionee huruma. Ukiisoma hii utakuwa umeshafika mbali, na vidole vyangu utakuwa umeshavisamehe.

Mimi,
Mama Nyangeta